Nionyeshe Ukurasa Mmoja

Mtu akikuambia "tafuta benki unayoiamini," muulize yeye aliiamini kwa sababu gani. Utasikia majibu ya ajabu. Kwa sababu ina matawi mengi. Kwa sababu afisa wa mikopo alisoma naye shule moja. Kwa sababu mchungaji alinunua kupitia hapo. Kwa sababu yule dada wa Instagram, mwenye video za "nilinunua nyumba nikiwa na miaka 27", ameisifu. Sijampata hata mmoja aliyeniambia: kwa sababu waliniandikia kwenye karatasi nitalipa jumla ya pesa ngapi, nikasoma, nikaelewa, ndipo nikasaini.

Naandika haya nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nalisema mapema ili usidhani unapewa somo na mtu mjanja. Mimi si mjanja. Mimi ndiye niliyetumwa kuangalia, nikaangalia vibaya, na pesa hazikuwa zangu.

Mwaka 2021 dada yangu, anayefanya kazi ya usafi katika hoteli moja kule Dubai, alinipigia simu akasema amechoka kujenga nyumba za watu. Alimaanisha kwamba kila mwaka mshahara wake unaishia kwa karo, matanga, hospitali ya Mama na michango ya harusi za watu ambao hata hawajui sura. Alitaka kitu chake. Alikuwa ameona tangazo la nyumba za vyumba viwili kando ya barabara ya Kangundo, bei 3,200,000. Unaweka asilimia 20, kinachobaki unalipa polepole huku jengo likipanda. "Wewe si uko hapo Nairobi?" akaniambia. "Nenda unionee."

Nikaenda. Ilikuwa Jumamosi, basi la kampuni likatuchukua mjini bure. Huko saiti kulikuwa na hema jeupe, viti vilivyovalishwa vitambaa, soda baridi, spika za muziki, na tingatinga la manjano limeegeshwa kando ya ramani kubwa ya rangi. Kuna mtu aliomba, kuna mwingine akakata keki. Waliolipa siku hiyo walipigwa picha wameshika ufunguo wa kadibodi urefu wa mkono. Nilichukua video nikamtumia Dada kwa WhatsApp, nikaandika chini yake: "Iko sawa. Tingatinga liko kazini."

Tingatinga halikuwa kazini. Lilikuwa limeegeshwa tu. Neno "kazini" nililiongeza mimi, kwa sababu nilitaka afurahi, na kwa sababu nami nilikuwa nimekunywa soda yao.

Alilipa 640,000 za kwanza, kisha 40,000 kila mwezi kwa miezi 14. Jumla 1,200,000. Risiti ninazo zote, nyingine za M-Pesa, nyingine zilikuja kwa barua pepe zikiwa na nembo ya dhahabu. Mwezi wa kumi na tano nilipita kule bila kuwaambia. Nikakuta shimo la msingi limejaa maji, vyura wanaimba, na soja mmoja analinda mabati ya ua. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyetumwa na kampuni kumletea mshahara wake.

Baadaye rafiki alinipeleka kwa wakili anayemfahamu. Swali la kwanza la wakili lilikuwa kama tulifanya sachi, yaani kuomba rekodi rasmi za shamba lile kutoka ofisi ya ardhi. Hatukuwa tumefanya. Tukafanya siku hiyo, kwa pesa pungufu ya chakula cha mchana cha watu wawili. Rekodi ilionyesha kwamba shamba zima lilikuwa limewekwa rehani benki. Kampuni ilikopa ikitumia ardhi ile ile iliyokuwa ikituuzia, na ilikopa kabla ya hema, kabla ya keki. Benki ilikuwa mbele yetu kwenye foleni tangu siku ya kwanza. Wakati dada yangu akidhani ananunua nyumba kwa awamu, kusema kweli alikuwa anaikopesha kampuni pesa, bila riba, bila dhamana, na bila jina lake kuandikwa popote panapotambuliwa na ofisi ya ardhi.

Na wakili aliyetuandalia mkataba? Alikuwa wa kampuni. Tuliambiwa, "Ya nini kulipa mawakili wawili? Huyu ni wetu sote." Tukaona wametuonea huruma.

Sasa sikiliza watu wanavyojibu nikiwasimulia. Hakuna anayeuliza kampuni ile iliruhusiwaje. Wote wanauliza, "Kwani hamkufanya uchunguzi?" Hilo neno uchunguzi limekuwa kama mvua: likitajwa, kila mtu anakimbilia kwake na mlango unafungwa. Anayeuza ameshalala. Aliyekagua ramani ameshalala. Tangazo lilipita kwenye redio asubuhi na jioni, halikuulizwa kitu. Lakini mfanyakazi wa hoteli, aliye umbali wa saa tano za ndege, ndiye anayetakiwa kuwa mpelelezi, mkaguzi wa hesabu na mwanasheria wa ardhi, yote hayo baada ya zamu ya usiku.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Katika mji ule anakotandika vitanda, kuna sheria namba 8 ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtaka mjenzi anayeuza nyumba ambazo hazijajengwa afungue akaunti maalum ya mradi huo. Pesa za wanunuzi zinaingia humo na zinatoka kwa kadiri ujenzi unavyoendelea. Haziwezi kwenda kulipia gari la mkurugenzi. Dubai si mbinguni, muulize dada yangu kuhusu saa za kazi. Lakini hata Dubai iliona kwamba huwezi kumwachia mnunuzi kazi ya kumchunga mjenzi. Pesa zilitoka mji wenye kufuli hiyo, zikaja kwetu, na hapa tuliposaini hatukukuta sheria ya namna hiyo. Tulikuta ufunguo wa kadibodi.

Usiniambie hili ni tatizo la wajinga wachache. Oktoba 2023 kule Mavoko, watu waliona nyumba zao zikibomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kiwanda cha saruji. Kabla yake, Novemba 2011, tuliona Syokimau. Humo kulikuwa na walimu, wauguzi, wafanyakazi wa serikali wenyewe. Walikuwa na karatasi. Walichunguza kadiri walivyojua.

Baada ya shimo la vyura nilijisemea, sawa, tuachane na wajanja, twende kwa wakubwa. Mapema 2023 niliingia benki. Mlangoni kulikuwa na bango la mume na mke wanacheka, mtoto yuko mabegani, na chini yake "asilimia 9.5". Nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu hiyo namba. Kuna kampuni iitwayo KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, ambayo wenye hisa wake ni serikali, benki, Sacco na mashirika ya kimataifa. Haikukopeshi wewe. Inazikopesha benki na Sacco kwa asilimia 5 ili nazo zitukopeshe chini ya 10, kwa muda mrefu, kwa kiwango kisichoyumba. Ni wazo zuri, sina ugomvi nalo.

Afisa wa mikopo alikuwa kijana mpole, suti ya bluu, rika langu. Akaniambia ile ya bango "kwa sasa imejaa," lakini ana nyingine ya asilimia 14. Nikamwambia sawa, niandikie. Nilikuwa natafuta milioni 4 kwa miaka 20.

Hebu tufanye hesabu pamoja, maana hakuna bango litakalokufanyia. Kwa asilimia 9.5, milioni 4 kwa miaka 20 ni kama 37,300 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 ni kama 49,700. Mwisho wa safari, wa kwanza amerudisha karibu milioni 9. Wa pili amerudisha karibu milioni 12. Nyumba ni ile ile, kigae ni kile kile, hata jirani anayepiga muziki usiku ni yule yule. Halafu tazama mwezi wa kwanza wa hiyo asilimia 14. Katika zile 49,700, riba peke yake inakula 46,600 na ushei. Deni linapungua kwa takriban 3,000. Umelipa pesa za keja mbili za mtaa wetu, na umenunua labda mlango wa choo.

Nikamuuliza yule kijana kwa nini hesabu hii haipo kwenye barua ya benki. Barua ilikuwa na kurasa 14, Kiingereza cha mahakamani mwanzo hadi mwisho. Akasema nitapewa ratiba ya malipo baada ya kusaini. Baada! Ni kama hoteli inayokuambia bei ya samaki ikishaona mifupa. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kifungu kinachosema, kwa ufupi, kwamba benki inaweza kubadilisha kiwango cha riba kwa kunitumia notisi. Nikamuuliza inaweza kupanda hadi wapi. Akatabasamu. "Inategemea soko."

Mshahara wangu wakati huo ulikuwa 120,000 kabla ya makato. Sheria ya ajira inataka ubaki na angalau theluthi moja, na kwa ile 49,700 theluthi yangu ilikuwa imeguswa. Kwa 37,300 ningepita. Yaani bei ya bango ningeiweza, na bei ya dirishani ilinishinda, na tofauti hiyo yule kijana akaigeuza kuwa tatizo langu la kifamilia. Akainamisha sauti: "Huna mtu wa kuungana naye? Hata ndugu aliye nje?"

Nilifunga faili nikatoka.

Mwenzangu kazini hakutoka. Alisaini mwezi huo huo katika benki nyingine, masharti karibu sawa na yangu. Januari 2023 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 8.75. Februari 2024 kilikuwa 13. Mkopo wake ukapandishwa hadi 18. Kwa milioni 4, hiyo ni kama 61,700 kwa mwezi, elfu 12 zaidi ya alizopangia. Mtoto akabadilishwa shule. Gari likauzwa. Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kushusha, na mwenzangu akaanza kukagua simu yake kila asubuhi. Ujumbe wa kupanda ulikuja wiki ile ile. Wa kushuka aliusubiri hadi akaacha kuuongelea, nasi tukaacha kumuuliza.

Sisemi benki ni wezi. Nimekaa na wakili wa kutosha kujua kwamba nao wana sababu zao: kesi za ardhi zinachukua miaka, hatimiliki bandia zipo, kuna wakopaji wanaoficha mishahara, na pesa za wenye akiba lazima zirudi. Haya yote ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalokuzuia kuniandikia jumla nitakayolipa. Kesi za ardhi hazijamkata mtu mkono.

Na ndiyo sababu, kufikia mwisho wa 2023, nchi nzima ilikuwa na akaunti takriban 30,000 tu za mikopo ya nyumba. Nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Waite wote hao wenye mikopo waje uwanja wa Kasarani, hawataujaza. Halafu tunaambiwa vijana hawapendi kuwekeza, wanapenda kula nyama na kusafiri Diani.

Kuna wazee pale Buruburu wanaokumbuka jambo lingine. Mitaa ile ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa pesa za Commonwealth Development Corporation, na makarani, walimu na wafanyakazi wa reli wakachukua mikopo wakalipa kidogo kidogo hadi nyumba zikawa zao. Haikuwa miujiza. Kulikuwa na mtu aliyekaa chini akahesabu mshahara wa karani kwanza, kisha akachora nyumba. Siku hizi nyumba inachorwa kwanza, na karani anatafutwa baadaye kwa matangazo. (Ukipita Buruburu leo utaona nyingi zimeongezewa vyumba vya kukodisha hadi kwenye ua. Hao wapangaji wa kwenye ua ndio sisi.)

Serikali nayo imeingia. Kila mwezi asilimia 1.5 ya mshahara wangu inakwenda kwenye ushuru wa nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 kwamba ushuru huo, ulivyoletwa, ulikiuka Katiba. Sheria mpya ikasainiwa Machi 2024, makato yakaendelea. Kwa 120,000 hiyo ni 1,800 kila mwezi. Nimejisajili Boma Yangu, sina kinyongo na anayepata nyumba kupitia hapo, na kiasi cha kuanzia huko ni afadhali kuliko asilimia 20. Ninachokataa ni kuambiwa niamini. Ukinikata bila kuniuliza, angalau usiniombe na mapenzi.

Sasa wale wajomba. Unawajua. Kwenye kila shughuli ya familia kuna mmoja anayekuuliza, mdomo umejaa pilau, "Bado unapanga? Kodi ni pesa ya kutupa!" Mimi napanga Kasarani, chumba kimoja na sebule, 18,000. Paa likivuja nampigia keateka. Nikifukuzwa kazi nahamia kwa bei nafuu mwezi ujao, hakuna mnada. Pesa ya kutupa ni ile 1,200,000 iliyomo shimoni na vyura. Aibu hii ya kupanga ndiyo mtaji mkubwa wa matapeli, na benki pia zinaichota bila kuilipia. Bila wajomba, lile hema lisingejaa. Dada yangu mwenyewe aliniambia, miezi mingi baadaye, kwamba hakulipa kwa kuwa alielewa mkataba. Alilipa kwa kuwa alikuwa na miaka 34 na kila mtu nyumbani alimuuliza amefanya nini na pesa za Waarabu.

Kwa hiyo sitakuambia umwamini nani. Nimechoka na makala zinazomaliza kwa majina ya kampuni tano "zinazoaminika", maana mwaka ujao mbili kati ya hizo zitakuwa kortini. Ninachodai ni kitu kidogo mno hadi naona haya kukidai: ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kabla sijatoa shilingi. Ukurasa huo useme nakopa kiasi gani na nitarudisha jumla ya kiasi gani, pamoja na ada zote, bima, wakili na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 na hakuna bango linaloutaja. Useme riba inaweza kubadilika au haiwezi, nani anaibadilisha, na ikipanda kwa pointi nne nitalipa ngapi. Useme ardhi iko kwa jina la nani leo, na kama imewekwa rehani, kwa nani. Useme nikikosa kulipa nitafanywa nini na baada ya siku ngapi.

Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu kifungu cha 7 cha Katiba kinasema ni lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinasema mtumiaji ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Benki zinajua Kiswahili vizuri sana zikitaka. Sikiliza matangazo yao. "Jenga nasi", "Tuko pamoja", "Nyumba ni yako". Mapenzi yanasemwa kwa Kiswahili, masharti yanaandikwa kwa Kiingereza. Mwenzangu kazini ana digrii mbili na alisaini ukurasa wa tisa bila kuuelewa. Je, Mama?

Na ukurasa huo ungetuonyesha hata mambo yanayotusaidia, ambayo nayo yamefichwa kana kwamba ni siri za ndoa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mkopaji aliyekwama apewe notisi ya angalau miezi mitatu alipe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa, na inamtaka anayeuza atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Sheria ya Benki inasema deni likishakwama, riba haiwezi kuendelea kukua hadi ipite deni lenyewe lililokuwepo. Tangu 2020 unaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako ya pensheni, isiyozidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Nimeyajua haya kwa kuibiwa. Ni shule ghali.

Utaniambia, basi nenda Sacco. Nimeenda, nami ni mwanachama, na kwa watu wa mshahara kama wangu bado naona ndiyo njia yenye maumivu machache. Lakini usiingie huko umefumba macho kwa kuwa mwenyekiti ni mtu wa kwenu. Sacco zinazochukua amana za watu zinahitaji leseni ya SASRA na orodha inatangazwa kila mwaka. Kama jina halimo, wimbo mzuri wa mkutano wa mwaka hautakusaidia. Na uliza riba inahesabiwaje. Milioni moja kwa miaka mitano, asilimia 12 ikihesabiwa kwa deni linalobaki, utalipa riba kama 335,000. Asilimia 12 hiyo hiyo ikihesabiwa kwa milioni nzima tangu mwanzo hadi mwisho, ile wanaita flati, utalipa 600,000. Bango la zote mbili litaandika 12. Hapo ndipo utaona kwamba namba inaweza kuwa ya kweli na bado ikakudanganya.

Mwezi uliopita nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika kwa mkono. Dada anarudi Desemba, mkataba wake unaisha, na hataki tena kusikia neno ghorofa. Tumeona kiwanja kidogo. Sachi tumeifanya wenyewe, mara mbili, na wakili ni wetu peke yetu. Nina akiba ya 500,000 Sacco na wanaruhusu kukopa mara tatu, kwa hiyo mkopo utakuwa kwa jina langu. Naona ni haki, ukikumbuka tingatinga.

Kwenye dirisha alikuwapo mama mmoja, miwani imening'inia shingoni, anakaribia kustaafu. Nilimpa karatasi yangu nikijiandaa kuambiwa nirudi wiki ijayo. Aliisoma yote. Akachukua fomu ya zamani akaigeuza upande usioandikwa, akaandika kwa kalamu ya bluu: unakopa 1,500,000, asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki, miezi 72, kila mwezi 29,326, utarudisha kama 2,111,500. Chini yake akaongeza ada na bima, akapiga mstari. Akaandika: riba ikibadilishwa, ni kwa mkutano wa wanachama. Ukikwama, tunashika akiba yako kwanza, halafu za wadhamini.

Ilimchukua dakika saba, niliziangalia kwenye saa ya ukutani. Hakuwa na suti ya bluu wala bango. Nikamuuliza kwa nini hawampi kila mtu karatasi kama ile. Akashusha miwani. "Kijana wangu, hakuna anayeuliza. Wakifika hapa wameshaonyeshwa picha."

Niliipiga picha nikamtumia Dada. Mishale miwili ikawa ya bluu, kisha kimya cha saa nzima. Nadhani alikuwa kwenye zamu. Halafu akatuma sauti, nyuma yake mashine ya kufua inanguruma.

"Hii nimeielewa. Mpaka Mama amesomewa, naye ameielewa. Lakini usisaini bado. Hiyo ya wadhamini, muulize yule mama: ukiachishwa kazi, wanakatwa baada ya mwezi mmoja au mitatu? Aandike hapo hapo, na aweke muhuri."

Jumatatu nitakuwa dirishani saa mbili asubuhi.